Chumba cha Kupimia Visivyoonekana

Chumba changu cha kazi hakina dirisha la kutazamia nje, nami sijawahi kulitaka. Kina mlango mmoja mzito, kidirisha kidogo ukutani cha kupokelea sampuli, na meza ya jiwe ambayo miguu yake imesimikwa ndani ya sakafu ili lori likipita barabarani lisiitikise. Juu ya meza hiyo imekaa mashine. Kuta zimepakwa rangi nyeusi. Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza hudhani ameletwa mahali pa adhabu. Mimi nikiingia huhisi mabega yangu yakishuka, kama mtu aliyevua koti zito.

Kazi yetu ni kupima vitu visivyoonekana. Watengenezaji wa dawa walioko ghorofa ya juu hutengeneza chembe ndogo mno zinazoelea ndani ya kimiminika, na kabla dawa haijatoka nje ya jengo letu ni lazima mtu asiye mtengenezaji aseme mambo mawili: chembe hizo zina ukubwa gani, na ndani ya tone moja ziko ngapi. Mtu huyo ni mimi. Chukua unywele mmoja wa kichwani, uupasue kwa unene wake vipande elfu moja, kisha okota kipande kimoja. Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.

Hakuna darubini ya kawaida inayoweza kuonyesha umbo la kitu kidogo kiasi hicho. Kwa hiyo hatutazami umbo, tunatazama mwendo. Tunavuta sampuli kwa bomba la sindano, tunaisukuma taratibu ndani ya kijumba cha kioo kisichozidi ukucha, tunapitisha mwale wa leza wa kijani, na kamera iliyo juu ya lenzi inatazama gizani. Kila chembe inapoguswa na mwale hurusha mwanga kidogo, kama vumbi linavyofanya likipita ndani ya mstari wa jua. Skrini hujaa nukta za mwanga, nazo hazitulii. Maji yenyewe, ambayo sisi tunayaona yamelala, hayalali kamwe. Yanazisukuma nukta hizo huku na huku, bila mpango na bila kuchoka. Chembe kubwa hujivuta kivivu. Chembe ndogo hurukaruka. Kompyuta hufuata kila nukta, hupima imetangatanga kiasi gani, na kutokana na kutangatanga huko hukokotoa ukubwa wake. Kisha huzihesabu zote, na hesabu hiyo ndiyo ukolezi wa dawa.

Nilianza kuupenda mwendo huo zamani, kabla sijajua una jina. Katika shule ya bweni iliyonilea, mgonjwa alilazwa peke yake katika chumba chenye dirisha la mbao lililokuwa na ufa mmoja. Asubuhi jua lilipenya katika ufa huo, likanyoosha mstari hadi kwenye blanketi langu, na ndani ya mstari ule vumbi lilielea. Nilikuwa na homa, na niliamini kwamba kila chembe ya vumbi ilikuwa mvulana anayetafuta kitanda chake. Niliwahesabu. Nikapotewa na hesabu, nikaanza upya. Kengele ilipolia nje, wenzangu wakakimbilia mstarini, lakini wale wa ndani ya mwanga hawakuisikia. Waliendelea kutangatanga, nami nikawaonea wivu na kuwahurumia kwa pamoja.

Shule ile ilinifunza mengine pia. Ilinifunza kutandika kitanda hata kama hakuna atakayekagua, kusema kweli hata kama mwenye kuumizwa nayo ni rafiki, na kunyamaza. Ninajivunia mambo yote matatu, na nimeyaleta kazini. Sheria ya kwanza niliyoiweka nilipokabidhiwa chumba hiki ni kwamba kwenye kidirisha hapasemwi neno, nami nikaandika hapo KIMYA. Sampuli huja ikiwa imekwisha kuzimuliwa, yaani imeongezwa kimiminika mpaka chembe zikaachana vya kutosha kuhesabika. Juu ya chupa huandikwa namba na kiasi cha kuzimua, basi. Chupa yenye neno zaidi hurudishwa. Watu waliniona mkavu. Lakini mtengenezaji akikueleza alivyohangaika na sampuli yake, utaanza kumtakia heri, na mpimaji anayemtakia mtu heri hapimi tena, anaomba.

Najua kwamba ghorofa ya juu wananiita Rula. Sijaona tusi ndani yake.

Mmoja wa watengenezaji hao ni mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu. Alikuwa akitengeneza vitone vya mafuta vinavyobeba dawa ya macho, kwa ajili ya watu ambao kuona kwao kunazimika kwa ndani, taratibu, kama taa inayoishiwa. Vitone hivyo hupenya vikiwa vidogo. Vikizidi nanomita mia na thelathini hukwama mlangoni na havina faida kwa mtu yeyote. Mara kadhaa vyake vilizidi. Mara zote ni mimi niliyetia sahihi ya kuvikataa, naye mara zote alinisalimia siku iliyofuata kama kawaida. Hatimaye kamati ikamwambia kwamba mkupuo unaofuata ndio wa mwisho: ukipita, gari la hospitali ya macho litakuja kuuchukua Alhamisi alasiri; ukikataliwa, utamwagwa, na chumba chake cha kazi watapewa wengine.

Jumapili kabla ya siku hiyo tulikula chakula cha mchana nyumbani kwangu, mama akiwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mahali anapopata upepo.

"Kaka," mdogo wangu alisema akichezea kijiko, "kuna hiki kimiminika ninacho..."

"Mezani hatuzungumzi kazi."

"Si kazi. Neno moja tu."

"Neno moja la kazi ni kazi."

Mama alicheka mpaka akaweka glasi chini. "Mwache, mwanangu. Huyu tulimpeleka bweni meno hayajamkomaa, akarudi amemeza kengele. Mpaka leo inamlilia tumboni."

"Basi animeze na mimi siku moja," mdogo wangu akasema, "nimgongee huko huko ndani."

"Kula," nikamwambia.

"Nakula, Mheshimiwa Rula."

Mama akamuuliza rula ni nani, na mazungumzo yakaenda kwingine. Nilimwona mdogo wangu akinitazama mara moja juu ya sahani, kwa macho yaliyotulia, kisha akaendelea kula.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ndani ya chumba changu mvua haionekani. Husikika tu kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Nilikuwa kwenye mashine. Kwenye kidirisha alikaa msaidizi wangu tunayemwita Fundi Taa, kwa kuwa yeye ndiye anayeitunza leza, na kwa kuwa hajawahi kukutana na giza asilifanyie mzaha.

Mkono ukaingia kwenye kidirisha ukiwa na chupa. Kwenye kidirisha chetu huoni zaidi ya mkono, na hivyo ndivyo nilivyotaka, ila mkono ule una kovu la maji ya moto kwenye kidole gumba, na maji hayo yalimwagika jikoni kwa mama yetu nikiwa nimesimama hapo. Chupa ilikuwa imezungushiwa utepe wa mpira, na chini ya utepe kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa.

Fundi Taa hakukisoma. Aliirudisha chupa kama ilivyo. Mkono ukasita. Ukakichomoa kikaratasi, ukairudisha chupa ikiwa na namba tu, kisha ukaondoka.

"Bibie yule ana siri," Fundi Taa akanong'ona.

"Hapa hazipokelewi."

"Ndiyo, Mkuu. Ila siri za wanawake warembo mimi huzipokelea nyumbani."

"Huyo ni dada yangu."

"Ndiyo maana nimesema kwa heshima."

Nilisafisha kijumba cha kioo, nikapitisha maji safi kwanza na kuhakikisha kwamba skrini ni nyeusi tii, kisha nikasukuma sampuli. Nukta zikajitokeza. Nilirekodi kama sheria inavyotaka, sehemu mbalimbali za kimiminika, bila kuchagua iliyo nzuri. Kompyuta ikakokotoa. Ukolezi ulikuwa vile vile ulivyotakiwa. Ukubwa ulikuwa mia na hamsini.

Fundi Taa alisoma namba ile juu ya bega langu na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Rudia, Mkuu."

"Kwa nini?"

"Kwa nini tena? Ni dada yako, tena wa tumbo moja."

"Ungeniambia nirudie kama angekuwa yule mtengenezaji mwenye makelele wa chumba cha tatu?"

Alifikiri. "Yule ningekuambia uzime taa twende nyumbani."

"Basi haturudii. Kipimo hakirudiwi kwa kuwa jibu limeuma."

Nilivuta karatasi ya majibu. Nakiri kwamba sikusita, na kwamba nilifurahi sikusita. Nilijiona kama walimu wangu walivyonitaka niwe. Nilikwisha kuishika kalamu niliposikia Fundi Taa akitoka kwenda kunywa chai, mlango ukajifunga nyuma yake, na giza likatua tena chumbani. Nikasema nitatazama rekodi mara moja zaidi, si kwa kutafuta kitu, bali kama mtu anavyomtazama mgeni akiondoka.

Sikulala. Fundi Taa hudai kwamba nililala, lakini mtu mwenye macho wazi hawezi kuitwa amelala. Nukta zilikuwa mbele yangu, za kijani na hafifu, zikielea kwenye weusi usio na juu wala chini. Mvua ilikuwa ikipumua. Nikaona kuta zimesogea mbali, kisha nikaona hazipo. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji yaliyofika kifuani, na maji yale yalijaa vitanda vya bweni vikielea polepole, shuka zimetandikwa, mito imenyooshwa. Kila kitanda kilikuwa na mwanga wake mdogo. Mikono nisiyoiona ilinisukuma mgongoni, ubavuni, begani, kwa adabu, kama umati unaopita. Sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Kisha nikamwona mdogo wangu, wa umri ule wa kovu, akija kwangu kutoka upande wa pili. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, anacheka bila sauti. Mwanga wake ulikuwa mdogo kabisa, kama kibiriti kilichokingwa na kiganja. Alikuja, akaja, na hakufika. Kila hatua ilimchukua muda mrefu, goti linapanda kana kwamba limefungwa kitambaa, nywele zinamfuata nyuma na kutua baadaye. Nikakereka. Nilitaka kumwambia, wewe mtoto mdogo namna hii, mwepesi namna hii, ungekuwa umekwisha kunifikia na kunipita. Mbona unatembea kama mtu mzima aliyechoka?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye kiti.

Nilitazama skrini. Nukta zilikuwa zikijivuta, kama kompyuta ilivyosema, kwa mwendo wa chembe kubwa. Lakini zilikuwa hafifu. Chembe kubwa haiwi hafifu. Chembe ikiongezeka ukubwa kidogo tu, mwanga wake huongezeka maradufu na zaidi; vile vitone vyake vya zamani nilivyovikataa viling'aa mpaka nikalazimika kupunguza mwanga wa kamera, kama mtu anayeinua kiganja mbele ya taa za gari. Hivi vilikuwa na mwanga wa vitu vidogo na mwendo wa vitu vikubwa. Mambo hayo mawili hayakai ndani ya chembe moja.

Niliangalia kipimajoto cha kijumba, kwa maana kimiminika kikipoa huwa kizito. Joto lilikuwa sawa na siku zote. Niliangalia kama meza ilitikiswa. Nukta hazikusogea pamoja upande mmoja. Likabaki jambo moja. Chembe hazikuwa kubwa. Kile zilichokuwa zikiogelea ndani yake ndicho kilichokuwa kizito. Kompyuta hukokotoa ukubwa kwa kuambiwa mnato wa kimiminika, yaani uzito wake wa kutiririka, na sisi tuliiambia maji, kwa sababu tangu chumba hiki kifunguliwe kila mtu huzimua kwa maji, na kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kutuambia vinginevyo.

Kimiminika. Neno moja tu, alisema Jumapili.

Sasa nilikuwa na jambo gumu kuliko kutia sahihi. Kujua kimiminika kile ni nini, ilinipasa kuuliza, na sheria ya kutouliza ilikuwa yangu. Ningeivunja siku hiyo, saa hiyo, kwa ajili ya nani? Nilisikia tayari watakavyosema kwenye ngazi: Rula imepinda ilipofika kwa dada yake. Jina langu nimelijenga kwa miaka, tofali juu ya tofali, na sikuwa na jingine la akiba. Nilikaa gizani nikitafuta namna ya kuwa mwadilifu nikiwa nimekaa pale pale.

Mwishowe nikajiuliza lile swali nililomuuliza Fundi Taa, ila nikaligeuza. Kama sampuli hii ingekuwa ya yule mwenye makelele wa chumba cha tatu, mtu ambaye siwezi kukaa naye meza moja, nami nimeona nukta hafifu zikienda kivivu, je, ningefungua mlango nikamuuliza? Ningefungua. Ningefungua huku nimekunja uso, lakini ningefungua, kwa sababu kipimo kilikuwa na kasoro nami nimeiona. Basi kumnyima dada yangu kile ambacho ningempa mtu nisiyempenda hakukuwa uadilifu. Kulikuwa ni kulipigia pasi jina langu kwa kutumia mgongo wake.

Niliinuka, nikaufungua mlango.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi, hatua chache tu kutoka hapo, viatu amevivua na kuvipanga kando yake. Fundi Taa alikuwa amesimama karibu naye na kikombe cha chai, na aliponiona nimetoka saa za kazi alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mkuu? Kuna moto?"

"Mdogo wangu," nikasema, "umezimua kwa kimiminika gani?"

Aliinua uso. Mvua ilikuwa ikitiririka kwenye kioo cha ngazini nyuma ya kichwa chake.

"Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Kazini?"

"Usinichoshe. Umezimua kwa nini, maji?"

"Maji ya sukari," akasema. "Vitone hivi vipya vikikutana na maji matupu vinavimba na kupasuka. Vinataka kilichotiwa sukari kidogo, kama machozi yanavyotaka chumvi. Nilitaka kukuambia Jumapili ukaniambia nile. Nikaandika kwenye kikaratasi, huyu bwana akanirudishia."

"Mimi natii amri, bibie," Fundi Taa akasema. "Amri yenyewe imesimama mbele yako."

"Sasa ulipotoa kikaratasi," nikamwambia, "ulifikiri itakuwaje? Unajua sukari inafanya nini kwenye mwendo. Nusura nivikatae."

Akaanza kuvaa kiatu kimoja, akakiacha. "Nilijua utaona."

"Ningejuaje?"

"Sijui. Nilijua tu utaona. Tangu utotoni, kaka, wewe huambiwi kitu, lakini unaona."

Nililazimika kutazama kando kidogo, upande ule wenye kikombe cha Fundi Taa.

Nikamwomba chupa ya maji yale yale ya sukari, yasiyotiwa vitone. Alikuwa nayo mfukoni mwa koti, imefunikwa vizuri. Nikamwita Fundi Taa ndani awe shahidi. Sikuchukua sampuli yake tena. Neno langu la kutorudia lilikuwa bado ni neno. Nilichukua shanga zetu za kupimia, vijiduara vya plastiki ambavyo ukubwa wake unajulikana kwa hakika kuwa mia moja, vile tunavyovitumia kila asubuhi kuhakikisha mashine haijaanza kusema uongo. Nikavizimua ndani ya maji yake ya sukari, nikavipima, mashine ikiwa bado inaamini kwamba ni maji matupu.

Mashine ikasema mia thelathini na nne.

"Shanga zimenenepa," Fundi Taa akasema. "Sukari hiyo."

"Hazikunenepa. Zimechelewa."

Nikarekebisha mnato mpaka shanga zikasoma mia moja yao halisi, nikauacha hapo. Kisha nikaitoa rekodi ya asubuhi, ile ile, bila kufuta wala kuongeza nukta hata moja, na kuiambia kompyuta iikokotoe tena kwa mnato ule wa kweli. Ilichukua muda wake. Fundi Taa alikuwa ameweka kikombe chini mahali ambapo hakiruhusiwi, nami sikusema kitu.

Mia na kumi na mbili. Ukolezi haukubadilika, kwa kuwa kuhesabu watu hakutegemei kasi yao.

Niliandika namba zote mbili kwenye karatasi ya majibu, ya kwanza na ya pili, na sababu ya kutofautiana kwake, na kipimo cha shanga. Nikafunga chupa ya shanga na ya maji ya sukari kwa lakiri, ili mwanakamati au mtengenezaji yeyote, hata yule wa chumba cha tatu, akitaka kurudia mwenyewe arudie. Kisha nikatia sahihi. Nikachukua kalamu nene, nikaenda kwenye kidirisha, na chini ya lile neno KIMYA nikaandika kwa herufi za kusomeka: UMEZIMUA KWA KIMIMINIKA GANI? Kwa kila mtu, tangu siku hiyo.

Fundi Taa aliusoma mwandiko wangu. "Na wakianza kutueleza habari za wakwe zao?"

"Utawarudisha."

Mdogo wangu alikuwa bado nje. Sheria nyingine ya chumba ni kwamba mtengenezaji hakanyagi ndani, nayo ilikuwa na sababu zake, na sababu hizo ziliisha nilipokwisha kutia sahihi. Nilisimama mlangoni nikamwambia vimepita. Hakupiga kelele. Aliviinamia viatu vyake kwenye ngazi kama anayevihesabu, mabega yakamtikisika kidogo, kisha akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Umewahi kuviona?" nikamuuliza.

"Kuona nini?"

"Vitone vyako."

Akatikisa kichwa. Miaka yote ile alikuwa amekoroga, amechuja, amezimua, amevipeleka kwenye kidirisha na kupokea namba. Kwake dawa ile ilikuwa maji yenye ukungu kidogo ndani ya chupa.

Nikasogea pembeni, akaingia peku. Nikamketisha kwenye kiti changu, ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia, nikazima taa.

Mwanzoni aliona giza tu. Nikamwambia angoje, macho yatazoea. Nikawasha mwale. Vikajitokeza kimoja kimoja, kisha kwa makundi, vya kijani, hafifu, vikielea katika weusi usio na mwisho. Vingine vikizama mbali mpaka vikawa ukungu, vingine vikipanda karibu na kuzungukwa na duara nyembamba za mwanga. Vilitetemeka. Vilisita, vikageuka, vikaenda vilikotoka. Nilimsikia mdogo wangu akizuia pumzi, kama watu wanavyofanya karibu na mtoto mchanga.

"Mbona wavivu hivi?" akanong'ona.

"Umewatia kwenye sukari."

"Wamelewa."

"Wanatembea kadiri wanavyoweza."

Akasogeza uso wake mpaka mwanga wa kijani ukamfika mashavuni. Akanyoosha kidole, kile gumba chenye kovu, akakifuatisha kitone kimoja kwenye kioo cha skrini, huku, kule, juu, huku tena. Kikampotea. Akachagua kingine. Nikajua kwamba atapotewa na hesabu na kuanza upya, nikamwacha.

Hodi ikagongwa. Fundi Taa akaingiza kichwa, na mstari wa nuru ya ngazini ukaingia pamoja naye na kujinyoosha sakafuni hadi miguuni petu, vumbi likielea ndani yake.

"Mkuu, gari la hospitali limefika. Dereva anasema mvua inazidi."

Mdogo wangu hakugeuka. Sidhani kama alisikia.

"Mwambie asubiri," nikasema. "Na funga mlango, unatuletea mwanga."